Maabara haina kitu, programu inataka majaribio: mwalimu wa kemia Lubumbashi aanzie wapi?

SWALI: Jambo Prof. Mimi ni mwalimu wa kemia katika shule moja ya Katuba, nafundisha humanités scientifiques (sekondari, mkondo wa sayansi) mwaka wa pili na wa tatu. Darasa moja lina wanafunzi 68. Maabara tunayo kwa jina tu: kabati lenye chupa zisizo na lebo na mizani mbovu. Programu mpya inataka mtoto afanye mwenyewe, asiishie kunakili ubaoni. Kwenye intaneti vitu ni vingi mpaka nachanganyikiwa, na megabaiti zinakwisha kabla sijapata ninachotafuta. Prefe, mkuu wa shule yetu, ameniambia nimletee orodha ya vifaa. Niandike nini, na vitu vya kufundishia nivitoe wapi?

JIBU: Jambo, mwalimu mwenzangu. Hiyo orodha ya prefe iache kwanza. Nimeziona shule zilizopewa bika, bureti na mitungi ya kila aina, vyote vikafungiwa kabatini kwa hofu ya kuvunjika. Pale vifaa havikupungua. Kilichopungua ni mtu wa kuamua jaribio gani linafanywa wiki gani na nani analifanya. Kwa hiyo chukua programu yako, pitia yale majedwali ya hali za kufundishia na maarifa ya msingi, halafu chagua majaribio sita au manane kwa mwaka mzima, yale tu ambayo kila mmoja wa hao 68 anaweza kuyagusa kwa mikono yake. Orodha itatoka hapo, na itakuwa fupi.

Zile chupa zisizo na lebo usizifungue, usizinuse, wala usizimwage kwenye mfereji. Ndani ya makabati ya zamani huweza kuwa na zebaki, au asidi ya pikriki ambayo ikikauka hulipuka kwa kusuguliwa tu. Funga kabati, weka ufunguo kwa prefe, na umwombe mtu wa idara ya kemia ya UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) au ya ISP (chuo cha ualimu) aje aangalie. Hilo ni la kufanya mapema, maana watoto hawachelewi kufungua.

Sasa tuje kwenye mali yenyewe. Unafundisha kemia katika mji uliojengwa juu ya kemia. Shaba ya kwanza ya kiwanda iliyeyushwa hapa mwaka 1911, mwaka mmoja baada ya mji kuanzishwa, na mpaka leo malori yanayoelekea mpakani Kasumbalesa yamebeba mabamba ya shaba yaliyotoka kwenye elektrolisisi. Wanafunzi wako wanajua neno «teneur», yaani asilimia ya metali ndani ya jiwe, kabla ya kujua neno moli, kipimo cha wingi wa chembe. Ukianza na moli, umewapoteza wengi. Anza na malakaiti, lile jiwe la kijani la shaba.

Malakaiti ni karbonati ya shaba yenye hidroksidi ndani yake, Cu₂(OH)₂CO₃. Nenda kwa mafundi wanaochonga mapambo ya malakaiti, uwaombe vipande vidogo vinavyobaki. Usinunue mawe kwenye depo za madini, na usiwatume watoto walete jiwe lolote la kijani kutoka nyumbani: katika Katanga hii hii ndiko uliko mgodi wa urani wa Shinkolobwe, na baadhi ya mawe yetu yamechanganyika na urani. Kipande cha fundi wa mapambo unakijua kimetoka wapi. Kisage kikiwa kimelowa maji, ufunge pua na mdomo, kwa sababu vumbi la malakaiti ni sumu ukilivuta. Kazi hiyo fanya wewe, siku moja kabla, kisha anika unga mpaka ukauke kabisa.

Darasani, pima gramu 2 za unga ndani ya kijiko cha chuma kisichoshika kutu, kijiko nacho ukiwa umekipima. Kiweke juu ya mbabula (jiko la makaa) yenye makaa yaliyokolea, nje ya darasa au dirishani. Usipulize sana. Baada ya muda ule ukijani unaanza kuchafuka kuanzia kingoni, unageuka kahawia, halafu mweusi kabisa. Huo weusi ni oksidi ya shaba. Maji na gesi ya kaboni vimeondoka:

Cu₂(OH)₂CO₃ → 2 CuO + CO₂ + H₂O

Acha kipoe, pima tena. Hapa ndipo somo linapoanza, na hapa usiwe na haraka. Moli moja ya malakaiti ni gramu 221. Oksidi inayobaki ni gramu 159. Kwa hiyo malakaiti safi hupoteza asilimia 28 ya uzito wake. Kwa gramu 2 zako, upungufu ungekuwa gramu 0,56. Lakini jiwe halikuwa safi, lina mchanga ndani, na mizani itakuonyesha pungufu ya hapo. Tuseme umepata 0,42. Waulize: malakaiti ya kweli ilikuwa kiasi gani? Wakigawa 0,42 kwa 0,28 watapata gramu 1,5, yaani robo tatu ya unga. Na kwa vile malakaiti safi ina shaba asilimia 57,5, jiwe lenu lina teneur ya asilimia 43 hivi. Mwanafunzi wa Katuba ambaye mjomba wake anauza madini hatakuuliza tena stoikiometria, hizi hesabu za mlinganyo, ina faida gani. Rudia kupima mpaka uzito usipungue tena, ndipo uhesabu. Wengi wanaruka hatua hiyo halafu wanailaumu mizani.

Na hiyo mizani ndicho kitu pekee ambacho ningesisitiza shule inunue kikiwa kipya: ile ndogo ya dijitali wanayotumia wauza dhahabu, inayosoma hadi gramu 0,01. Inatumia batri, haijali umeme ukikatika. Bila mizani, kemia inabaki kuwa rangi na moshi.

Unga uleule wa malakaiti bado haujakwisha kazi. Nunua asidi ya betri mpya, ile ya kwenye chupa, kwa wauza vipuri vya magari. Ile ya kumwagwa kutoka betri kuukuu ina risasi, usiiguse. Asidi ya betri mpya ni asidi ya sulfuriki ya karibu moli 4,8 kwa lita. Mimina kiasi kimoja cha asidi ndani ya viasi tisa vya maji, asidi ndani ya maji, kamwe si kinyume, na utapata karibu moli 0,5 kwa lita. Hiyo inatosha kwa kila kitu cha sekondari. Kuichanganya fanya peke yako, ukiwa umevaa miwani ya kinga na ndoo ya maji iko karibu. Gramu 2,2 za malakaiti zinataka mililita 40 hivi za asidi hiyo. Itachemka mapovu ya gesi ya kaboni, kisha utachuja kwa kitambaa kizito au karatasi ya kuchujia kahawa. Kitakachopita ni sulfati ya shaba, buluu ile ya vitabuni, ila hii mmeitengeneza wenyewe.

Wanafunzi wakichovya humo msumari wa chuma uliosuguliwa vizuri, ndani ya dakika moja utavaa wekundu wa shaba. Hiyo ni oksido-redaksheni (elektroni kuhama) ya mwaka wa tatu, imeingia mkononi mwa kila kikundi kwa msumari mmoja mmoja.

Kisha elektrolisisi. Vipande viwili vya waya mnene wa shaba ndani ya sulfati hiyohiyo, batri kubwa moja ya volti 1,5 na maltimita ya mafundi redio kwa kupima mkondo. Sogeza au tenganisha waya mpaka mkondo usome karibu ampea 0,3, uache nusu saa. Sheria ya Faraday inasema katodi, ule waya wa upande hasi, itaongezeka gramu 0,18. Mizani yako ya wauza dhahabu inaiona hiyo. Ukichukua vipimo kabla na baada, suuza katodi taratibu na uikaushe, shaba changa hudondoka kirahisi. Baada ya hapo waeleze kwamba kiwanda cha Shituru, kule Likasi, kinafanya kazi inayofanana: madini ya oksidi yanaloweshwa kwa asidi ya sulfuriki, myeyusho unasafishwa, umeme unaitoa shaba. Tofauti ni ukubwa wa beseni, na kwamba kule anodi (waya wa upande chanya) si ya shaba, hivyo shaba hutoka kwenye myeyusho wenyewe.

Nimekaa sana kwenye shaba kwa sababu kutokana na jiwe moja umepata mtengano kwa joto, moli, asidi na karbonati, oksido-redaksheni na elektrolisisi. Hayo ni sehemu kubwa ya programu yako. Mengine nitayapitia upesi.

Kwa asidi na besi, tengeneza kiashiria (maji yanayobadili rangi) kutoka kwa maua makavu ya bisapu (rozela) yaliyochemshwa. Ni mekundu kwenye asidi, yanakwenda kijani na manjano kwenye besi. Unga wa manjano ya kupikia nao hubadilika kuwa wekundu wa kahawia kwenye besi. Ndimu, siki, maji ya majivu, sabuni, bikarbonati, vyote viko jikoni. Soda ya kutengenezea sabuni inauzwa kwenye masoko ya komini ya Kenya hapa mjini na kwingineko. Hiyo ni hidroksidi ya sodiamu, na kwangu mimi ndiyo ya kuogopwa kuliko asidi yako iliyozimuliwa, kwa sababu jichoni inapofua. Tone likiingia, suuza kwa maji mengi yanayotiririka dakika 15 au zaidi, halafu hospitali. Ikikaa wazi inanyonya maji na gesi ya kaboni kutoka hewani, kwa hiyo ukipima gramu 4 si gramu 4 za kweli. Mkipima ukali wa siki kwa soda hiyo na mwanafunzi akauliza mbona siki imetoka kali kuliko lebo, jibu moja ni hilo. Javeli, dawa ya kung'arisha nguo, itumie kwa kiasi, na marufuku kabisa kukutana na asidi yoyote, hata ndimu, maana inatoa klorini. Lichore hilo ubaoni na uliache hapo mwaka mzima.

Famasi wana permanganati ya potasiamu, maji ya oksijeni (peroksidi ya hidrojeni), ayodini, glukosi na mabomba ya sindano. Nunua mabomba ya mililita 2 na 5 bila sindano: ndiyo bureti na pipeti zako za kupimia vimiminika. Chokaa iliyozimwa inatoka kwa wauza vifaa vya ujenzi. Malighafi yake, mawe ya chokaa, ndiyo yale yanayochimbwa Kakontwe karibu na Likasi. Koroga, acha itulie usiku mzima, chukua maji maangavu ya juu, mtoto apulize humo kwa mrija, yatachafuka kama maziwa.

Sasa, 68 hao utawagawaje? Vikundi vya wanne wanne, kumi na saba. Usijaribu kutafuta seti kumi na saba za vioo. Fanya kemia ya matone. Chukua farde (jalada) ya plastiki inayoonyesha, ingiza karatasi nyeupe yenye miduara uliyoichora, na kila jaribio ni tone juu ya tone: tone la sulfati ya shaba na tone la soda, mashapo ya buluu yanatokea palepale, tone la siki na kipande cha jiwe la chokaa, mapovu. Ikiisha, mnapangusa kwa karatasi. Namna hii haikuzaliwa kwa umaskini wetu. Kituo cha RADMASTE cha Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, kilitengeneza visanduku vidogo vya majaribio kwa msingi huo, na UNESCO ikavipeleka nchi nyingi. Uingereza, kwenye maabara zilizojaa kila kitu, kuna walimu wanaopenda matone kwa sababu ni salama, ni rahisi na hayaachi uchafu mwingi. Kwa hiyo prefe akisema «hiki ni kichezeo», unalo jibu.

Uchafu wa shaba usiumwage kwenye mtaro. Ukusanye kwenye kidumu, tia chokaa mpaka buluu yote izame chini, maji ya juu ndiyo yanamwagwa, mashapo yanabaki kwenye chupa yenye lebo. Hilo lenyewe ni jaribio la mashapo, lihesabie kama somo.

Kuhusu intaneti, nikubaliane na wewe: ni nyingi mno. Mimi ningechukua vitu vitatu na kufunga mlango. Cha kwanza ni PhET, simulesheni za Chuo Kikuu cha Colorado huko Marekani, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobeli ya fizikia ya 2001. Ni bure, zipo kwa Kifaransa, na baadhi kwa Kiswahili. Jambo kubwa kwetu: simulesheni za HTML5 unazipakua moja moja zikafanya kazi bila mtandao. Chukua ile ya kujenga atomu, ya kusawazisha milinganyo, ya pH na ya ukolezi. Hizo nne zinatosha. Usizitumie badala ya jaribio unaloweza kufanya. Mtoto wa Lubumbashi kutazama malakaiti kwenye kioo cha simu ni aibu. Zitumie kwa kile kisichoonekana, yaani atomu na ioni.

Cha pili ni Mediachimie, tovuti ya Kifaransa ya Fondation de la Maison de la chimie ya Paris. Ina maandishi ya walimu, yamepangwa vizuri, na lugha ni ileile ya mtihani wenu. Cha tatu ni Kiwix: unapakua Wikipedia ya Kifaransa, au sehemu yake ya kemia tu, mahali penye waifai, halafu unaisoma bila megabaiti hata moja. Ukipata kompyuta moja ya mkononi, kuna pia Kolibri ya Learning Equality, ambayo inagawa masomo kwa simu za darasani kupitia waifai ya hapo hapo bila intaneti. Kwa kupakua, nenda Halle de l'Étoile (kituo cha utamaduni cha Wafaransa hapa Lubumbashi) au chuo kikuu, usitumie forfaiti yako ya intaneti.

Video za YouTube siziamini sana kwa majaribio. Zile zenye moto na alkoholi, mwalimu anamimina kwenye moto ili rangi zionekane, usiziige. Mvuke wa alkoholi unarudi kwenye chupa na kuwaka, na walio mstari wa mbele ndio wanaoungua. Na zile programu za kujibu maswali kwa akili bandia, zitumie kupata wazo la zoezi, kisha hesabu atomu mwenyewe pande zote mbili za mlinganyo. Zinakosea kwa kujiamini.

Kuhusu item, yaani maswali, za Exetat (mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari) zinazozunguka WhatsApp na kwenye fotokopi: swali mara nyingi ni la kweli, ila jibu lililoandikwa pembeni mara nyingi ni la mtu asiyejulikana. Tatua mwenyewe kabla ya kuwapa. Na njia nzuri ya kuzitumia ni kuchukua item ya kuchagua jibu na kuwaomba waeleze kwa nini yale mengine manne si sahihi. Item moja namna hiyo inakula nusu saa, na inafaa kuliko kumi za kukisia.

Usisahau watu. Katika darasa la watoto 68 wa mji huu, karibu hakika kuna mzazi, mjomba au kaka au dada mkubwa anayefanya kazi kwenye maabara ya kampuni ya madini au kiwanda cha maji. Mwombe aje saa moja tu, aonyeshe jinsi sampuli inavyochukuliwa na kuandikwa lebo. Wanafunzi wa mwisho wa ISP nao wanahitaji mahali pa kufanya stazi, mazoezi yao ya kazi. Mpokee mmoja, msaidiane kusimamia vikundi. Kitu kimoja tu nakukataza: usiwapeleke watoto kuokota mawe kwenye terili, kile kilima cha mabaki ya kiwanda cha shaba. Kuna kobalti na zinki mle, na metali nyingine zisizofaa mikononi mwa mtoto.

Sasa rudi kwa prefe. Karatasi moja inatosha. Upande wa kushoto andika majaribio yako manane, kila moja na somo lake la programu na wiki yake. Upande wa kulia, kinachohitajika: mizani ya gramu 0,01, maltimita, miwani ya kinga, mabomba ya sindano, farde kumi na saba, chupa ya asidi ya betri, soda, chokaa, batri, ndoo mbili na kufuli jipya la kabati. Bei ziulize mwenyewe sokoni juma hilohilo, ziandike kwa faranga. Jumla igawe kwa wanafunzi wote wa mwaka wa pili na wa tatu, na hiyo namba ya kila mtoto ndiyo uiandike juu kabisa ya karatasi, maana ndiyo prefe atakayoulizwa na kamati ya wazazi. Chini acha nafasi ya sahihi yake na ya kwako, ili vifaa vikifika vijulikane vimekabidhiwa nani. Kama pesa ni ya kitu kimoja tu mwaka huu, nunua mizani.